UZI: Paipu ya pumzi juu ya tangi si pambo. Nimeona tangi la chuma likinywea kwa macho yangu

#1 FundiWaSabaki (mleta uzi)

Salaam aleikum wanajukwaa. Uzi huu niliuahidi wiki jana kule kwenye mjadala wa pampu za visima, kuna ndugu aliponiuliza kwa nini napigia kelele "kile kipaipu kinachosimama juu ya tangi bila kazi". Leo kusi imechachamaa, kazini hatukwenda, muda ninao. Nitaandika kwa kirefu. Asiye na subira ashuke chini.

Kwanza kisa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha chumvi kaskazini ya Malindi, ukishavuka Sabaki. Msiniulize ni kipi. Wanaoijua kazi ya kule wanajua mambo yalivyo: pampu kubwa zavuta maji ya bahari, yaingizwa kwenye mabwawa, jua na upepo vinamaliza kazi. Pampu zetu zilikuwa za injini ya dizeli, na dizeli ilikaa kwenye tangi la chuma la lita 20,000 lililosimama wima, kipenyo mita mbili na nusu, urefu mita nne na ushei. Juu ya paa lake palisimama paipu ya inchi mbili, kichwa kimekunjwa kama shingo ya bata.

Ilikuwa Mei, masika yamekolea. Mlinzi mmoja, na nia yake ilikuwa njema kabisa, aliona mvua inapigwa na upepo inaingia kwenye ile shingo. Akapanda ngazi, akaivisha mfuko wa nailoni (alioutoa wapi sijui, maana mifuko hiyo ilishapigwa marufuku tangu 2017), akaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akakaza hasa. Hakumwambia mtu. Kwake yeye ilikuwa kama kufunika sufuria.

Tangi lilikuwa limejazwa jana yake. Asubuhi lori likaja kuchukua dizeli kupeleka kwenye pampu za mbali. Hosi ikaunganishwa, pampu ikawashwa. Nilikuwa hatua kumi hivi, kikombe cha bati mkononi, chai bado ya moto. Nikasikia "tong", kama mtu kagonga sufuria tupu. Nikageuka nikidhani kuna mtoto karusha jiwe. Ikaja "tong" ya pili, halafu mkwaruzo ambao siwezi kuuandika, na sehemu ya juu ya tangi ikanywea kama mashavu ya mzee anayevuta kiko. Paa likashuka, ubavu ukaingia ndani. Hata nusu dakika haikufika. Chai nilikuja kuiona chini baadaye.

Sasa, wote pale walisema "pampu imelinyonya tangi". Hapana. Pampu ilitoa mafuta tu. Kilicholiponda tangi ni hewa ya nje, hii hii tunayoipumua.

Hapa kwetu usawa wa bahari hewa inakandamiza kila kitu kwa kilopaskali 101 na kidogo. Ni sawa na kubeba maji ya kina cha mita 10.3, yaani tani kumi na zaidi kwenye kila mita moja ya mraba. Hatuoni kitu kwa sababu inasukuma pande zote sawa, ndani na nje. Punguza ile ya ndani kidogo tu, ndipo utajua iko.

Pigeni hesabu nami. Juu ya dizeli palikuwa na nafasi ya hewa kama lita 2,000. Pampu ilitoa lita 500 kwa dakika. Sekunde 12 za kwanza zimetoka lita 100. Ile hewa ya lita 2,000 sasa imetandazwa kwenye nafasi ya lita 2,100, kwa hiyo presha yake imeshuka kwa karibu asilimia tano. Asilimia tano ya tani kumi ni nusu tani kwa kila mita ya mraba. Paa la tangi lile lina eneo la karibu mita tano za mraba. Tani mbili na nusu zimekaa juu ya bati, na injini haijapata hata moto! Ingefika dakika nzima ingekuwa tani kumi. Matangi ya namna hii hayakuundwa kubeba ombwe, yaani presha ya ndani kupungua kuliko ya nje. Yameundwa kubeba uzito wa mafuta yanayosukuma kwenda nje. Kinyume chake hayawezi, kama ukuta wa makuti usivyoweza kuegemewa.

Kwa hiyo wanaosema paipu ile ni "ya kutolea hewa" wamesema nusu. Tangi linapojazwa, hewa inatoka. Linapotolewa mafuta, hewa inaingia, lita kwa lita. Na kule kuingia ndiko kunakoua matangi. Ndiyo maana mimi naiita paipu ya pumzi. Wengine waiita brida, sawa, jina lolote mradi isizibwe.

#2 KijanaWaWatamu

Fundi heshima yako, lakini mimi nimefunga matangi meusi ya plastiki zaidi ya thelathini Watamu na Malindi, sijawahi kuweka hiyo paipu hata moja, na hakuna lililonywea. Huoni unatutia hofu bure?

#3 FundiWaSabaki

Kijana, yale matangi yanapumua kwa mfuniko. Ule mfuniko wa kuzungusha haukai sawasawa hata siku moja, na paipu ya kumwagia ziada nayo iko wazi. Jaribu siku moja kuweka silikoni kwenye mfuniko, uzibe na ile ya kumwagia, halafu ufungue maji chini. Usifanye kwa mteja.

Tena pampu ya nyumbani inatoa lita 30 au 40 kwa dakika. Upenyo wa kucha unatosha. Kiwandani ni habari nyingine. Chukua lita 500 kwa dakika zile zile: kwenye paipu ya inchi mbili hewa inapita kwa mita nne hivi kwa sekunde, upepo mwanana, presha inayopotea ni kama kilo moja kwa mita ya mraba. Sasa fundi wa bei rahisi aweke paipu ya nusu inchi. Kipenyo kimegawanywa kwa nne, eneo limegawanywa kwa 16, hewa lazima ikimbie mara 16, na presha inayopotea hupanda kwa mraba wa mwendo: mara 256. Inafika zaidi ya kilo 260 kwa mita ya mraba, na hapo sijahesabu msuguano wala kona. Watu wanadhani paipu ndogo ni "pungufu kidogo". Si kidogo.

#4 BabuWaBandari

Mwanangu Fundi, umenena. Mimi ni mtu wa Amu (Lamu), nimefanya kazi chumba cha injini melini miaka mingi kabla magoti hayajakataa ngazi. Kule paipu za hewa ni sheria, si hiari. Kila tangi la meli, liwe la mafuta au la mai ya kusawazishia, lina paipu yake inayopanda wima mpaka yuu ya sitaha. Mkataba wa kimataifa wa 1966 wa mistari ya upakiaji (ile alama ya ubavuni ya kiasi meli iruhusiwacho kuzama) unataka paipu hiyo isimame milimita 760 juu ya sitaha kuu, na 450 juu ya sitaha ilioko yuu yake. Sababu ni wimbi. Wimbi likifagia sitaha lisipate ndia ya kushuka tangini. Na kichwani mna mpira au kibao kinachoelea: mai yakipanda, kinaelea na kuziba, yakishuka, kinaanguka na tangi linapumua tena.

Tulifundishwa jambo jengine pia: jumla ya eneo la paipu za hewa iwe robo zaidi ya eneo la paipu ya kujazia. Ukijaza kwa pampu ya paipu ya inchi nne, usije na paipu ya hewa ya inchi mbili ukasema yatosha.

Lakini nikutahadharishe, maana vijana wakisikia "wima" wanapandisha tu. Paipu ya hewa ndefu mno nayo ina shari yake. Siku tangi likijaa kupita kiasi, mafuta yatapanda ndani ya ile paipu, na tangi litabeba nguzo hiyo yote. Haijali paipu ni nyembamba. Urefu ndio unaopima presha, si unene.

#5 FundiWaSabaki

Babu, shikamoo. Hili nilitaka kulileta kesho, umeniwahi.

Wanajukwaa, lishikeni hili kwa namba. Dizeli ina uzito kama 0.84 wa maji. Paipu ya pumzi ikisimama mita 4 juu ya paa la tangi na mtu akazubaa akijaza, mafuta yakafika kileleni, presha chini ya paa inakuwa kilopaskali 33. Ni tani tatu na zaidi kwa kila mita ya mraba, zinasukuma paa kwenda juu. Kwa tangi langu lile ni tani 16. Mshono wa paa unafunguka kama kopo la nyanya. Na nguzo ya mafuta iliyofanya hivyo, ndani ya paipu ya inchi mbili, ni lita nane tu.

Kwa hiyo urefu wa paipu ya pumzi una mipaka miwili. Chini: lazima kilele kiwe juu ya usawa wa mwisho ambao maji au mafuta yanaweza kuufikia, la sivyo patamwagika kila mara. Juu: kisizidi kile ambacho tangi linaweza kubeba likijaa mpaka kileleni. Ukilazimika kuipandisha sana, weka paipu ya kumwagia ziada chini yake, kubwa, iliyo wazi, ili mafuta yasipate hata nafasi ya kupanda.

#6 BintiShela

Asalaam aleikum kaka Fundi, na Babu shikamoo. Mimi si fundi, nina nyumba ndogo ya wageni Shela. Nina swali, naomba msinicheke. Nina silinda ya maji moto ya sola, na tangi la maji baridi liko juu yake darini. Kutoka kwenye silinda kuna paipu inapanda wima mpaka juu ya tangi, imekunjwa kichwa. Zamani ilikuwa kimya. Tangu mwaka jana, mchana wa jua kali, inatema maji ya moto juu ya makuti. Fundi wangu ameniambia niweke vali niifunge tu. Nifunge?

#7 FundiWaSabaki

USIFUNGE. Dada, nakuomba, usifunge. Yule aliyekwambia hivyo mwambie ameniudhi, na simjui.

Paipu hiyo ndiyo roho ya silinda yako. Maji yakipashwa joto yanatanuka, kutoka ya baridi hadi karibu na kuchemka ni kama asilimia nne. Yanataka mahali pa kwenda. Na yakichemka kwelikweli, lita moja ya maji inageuka mvuke wa lita 1,600 na zaidi. Mvuke huo usipopata njia ya kutokea utajitengenezea wenyewe. Paipu ile haitakiwi kuwa na vali, haitakiwi kuwa na kizibo, haitakiwi kuwa na kona ya kushuka chini njiani. Inapanda, inapanda, mpaka wazi.

Sasa kwa nini inatema? Niambie: mwaka jana tangi la baridi liliinuliwa? Au paipu ilikatwa?

Naeleza kwa nini nauliza. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Maji ya nyuzi 20 yana kilo 998 kwa mita ya ujazo. Yakikaribia kuchemka ni 958. Nguzo ya baridi ndani ya paipu inayoshuka kutoka tangini inasukumana na nguzo ya moto inayopanda kwenye paipu yako ya pumzi, na ili zilingane uzito, ya moto lazima iwe ndefu zaidi. 998 gawanya kwa 958 unapata milimita 42 za ziada kwa kila mita. Ndipo ilipotoka kanuni ya mafundi wa zamani wa Uingereza: paipu ya pumzi ipite usawa wa maji tangini kwa milimita 150, kisha ongeza milimita 40 kwa kila mita ya kimo cha mfumo. Wengine wanaikariri tu bila kujua kwamba ni mizani ya moto na baridi.

Pima kutoka usawa wa maji kwenye tangi mpaka chini ya silinda, kisha pima kilele cha paipu kiko juu ya usawa huo kwa kiasi gani. Nipe namba mbili hizo.

#8 BintiShela

Tangi liliinuliwa, ndiyo! Tuliongeza kibao chini yake ili shawa ya chumba cha juu iwe na nguvu. Nitapima nikipata mtu wa kupanda. Leo kuna wageni.

#9 MkulimaMpeketoni

Fundi, mimi nilisoma uzi wako mwanzo nikatia bidii nikaenda kuweka paipu ya pumzi kwenye pampu yangu. Navuta maji kisimani, kina kama mita 5, pampu ya petroli iko juu ya ardhi. Nikakata paipu kabla ya pampu, nikaweka tii (kiungio cha njia tatu), nikasimamisha nusu inchi ya wima iko wazi. Sasa pampu haivuti kabisa, inaunguruma tu. Nirudishiwe pesa yangu ya tii. 😂

#10 FundiWaSabaki

Hahaha, ndugu yangu wa Mpeketoni, tii nitakulipa kwa dafu siku nikipita.

Tena dafu ndilo jibu lenyewe. Chukua mrija, utoboe tundu katikati, kisha ulivute. Utanywa hewa. Paipu iliyo kati ya kisima na pampu ina presha ndogo kuliko hewa ya nje, na hiyo ndiyo sababu pekee maji yanapanda. Ukiifungulia dirisha, hewa inaingia pale, ombwe limekwisha, maji yanabaki kisimani. Paipu ya wima iliyo wazi inafaa mahali ambapo presha ya ndani ni sawa na ya nje au zaidi yake. Mahali pa presha pungufu ni kujitoboa mwenyewe. Toa hiyo tii, ziba vizuri kwa uzi wa katani na rangi au utepe mweupe, kisha jaza pampu maji kupitia kizibo chake cha juu. Kile kizibo cha juu ndicho "pumzi" ya pampu, hufunguliwa wakati wa kujaza tu.

Kanuni hiyo hiyo inawahusu wanaopitisha paipu juu ya kilima. Maji yakishuka kwa uzito wake kutoka tangi kwenda tangi, na paipu inapanda nundu katikati, hewa hukusanyika kwenye nundu na kubana njia. Watu wanasema "maji yamekataa". Weka paipu ya pumzi pale juu, sawa, lakini angalia kwanza: je, nundu iko chini ya mstari unaochorwa kutoka usawa wa tangi la juu kwenda la chini, ukishuka kufuatana na msuguano? Kama iko chini ya mstari, maji yatapanda ndani ya paipu ya pumzi mpaka kwenye mstari huo na kutulia, hewa itatoka, raha. Kilele chake kifike juu ya usawa wa tangi la juu, kwa sababu siku ukifunga vali ya mwisho maji yote yatasimama usawa mmoja. Lakini kama nundu imepita juu ya mstari, maji yanapita pale kwa kufyonzwa, na dirisha lako litaupunguza mtiririko, au litaukata kabisa kama ulivyoukata wewe wa kisimani.

Kingine nikimalizie hapa hapa. Hewa ndani ya paipu inayoshuka inajaribu kurudi juu kama povu. Maji yakienda polepole inafaulu, yakienda kasi sana inasombwa mpaka nje. Baya ni la katikati: hewa haipandi wala haishuki, imekaa pale kama mgeni aliyekosa nauli. Kwa paipu ya inchi nne, mwendo wa chini ya sentimita 30 kwa sekunde, kama mita 8 za ujazo kwa saa, hewa inapanda yenyewe. Kwa hiyo mkiona paipu inakoroma na kutapika vipande vipande, msikimbilie kununua pampu kubwa.

#11 InjiniaMjini

Nimesoma yote. Kwa heshima, paipu za wima ni teknolojia ya kizamani. Siku hizi kuna vali za hewa za otomatiki, ndogo, safi, zinafungwa popote. Kwa nini kusimamisha mlingoti?

#12 FundiWaSabaki

Injinia, popote penye presha kubwa nakubaliana nawe bila kubishana. Paipu kuu yenye presha ya baa tatu (baa moja ni kilopaskali 100) ingetaka mlingoti wa mita 30, mrefu kuliko mnazi. Huwezi.

Lakini nenda kaitazame hiyo vali baada ya mwaka mmoja kando ya bahari. Ndani mna mpira unaoelea na kikalio cha raba. Mchanga ukikaa pale, inavuja. Chumvi ikikauka pale, inakwama. Kule kiwandani, kwenye paipu ya kusukuma maji ya bahari, tulikuwa na zote mbili. Vali zilifunguliwa na kusuguliwa kila mara. Ule mlingoti wa wima haukuguswa, hauna kinachosogea.

Na una kazi ya pili ambayo vali ndogo haiifanyi vizuri. Injini ikizimika ghafla, maji yaliyomo kwenye paipu ndefu hayasimami mara moja, yanaendelea kwenda na kuacha ombwe nyuma yake, halafu yanarudi yanapiga. Mrusi Joukowsky alilipima hili kwenye mabomba ya maji ya Moscow na kulichapisha 1898: maji ya mita moja kwa sekunde yakisimamishwa ghafla ndani ya paipu ya chuma, presha inaruka kwa baa kumi na zaidi. Kwenye PVC ni nafuu, baa tatu hadi tano, kwa sababu plastiki inatanuka kidogo. Paipu ya wima iliyo wazi karibu na pampu inashusha maji yake kujaza ombwe, kisha inapokea yale yanayorudi, yanapanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyekimbia. Nimesimama pale nikiyasikia: fuu, kimya, fuu, kimya, mpaka yanatulia.

Na aliye na maji mazito ya chumvi ajue kitu kimoja kizuri: presha ya baa moja inapandisha maji matamu mita 10.2, lakini maji yaliyokolea chumvi mpaka mwisho, yenye uzito wa 1.2, yanapanda mita 8.5 tu. Ukipimia mlingoti kwa maji matamu uko salama.

#13 KijanaWaWatamu

Sasa naanza kuelewa. Swali: hii si sawa na ile paipu nyeusi ya choo cha shimo?

#14 FundiWaSabaki

Mfanano wa sura. Ile ya choo iliasisiwa Zimbabwe miaka ya 1970, kwenye maabara ya Blair, na kazi yake ni kuvuta harufu kwenda juu muda wote: upepo unaopita kileleni unanyonya, na jua linaloipasha linasaidia. Wavu wa juu ni wa kuwanasa nzi wanaofuata mwanga. Yenyewe inatoa tu. Ya tangi lazima ipumue pande zote mbili, na ndiyo maana wavu kwenye tangi ni jambo la kulitazama mara mbili. Wavu wa mbu unakula sehemu kubwa ya nafasi kabla hata haujashika vumbi. Ukiweka wavu, panua kichwa kwanza. Na huku kwetu nyuzi za chuma zinaliwa na kutu zikafunga kabisa, nyigu wa udongo nao wanapenda sana tundu la inchi mbili. Nimetoa kiota humo kwa bisibisi.

Tena mlinzi yule alikuwa na haki ya kuiogopa mvua. Dawa ya mvua ni shingo ya bata, kichwa kikitazama chini, si mfuko. Na mvua ina hila nyingine: tangi la lita 20,000 lililo karibu tupu, limepigwa jua mpaka hewa ya ndani ni nyuzi 50, likishukiwa na mvua ya ghafla ikaipoza hadi 30, hewa inasinyaa kwa asilimia sita. Lita 1,200 za hewa zinatakiwa ziingie, na hakuna pampu iliyowashwa. Tangi linaweza kunywea usiku na hakuna mtu kazini.

#15 NahodhaMashua

Na petroli? Kuna jamaa wameweka tangi la mashine za boti nyuma ya nyumba, paipu imeishia usawa wa dirisha.

#16 FundiWaSabaki

Hapo sina utani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Hauruki, unashuka, unatambaa chini na kukaa kwenye kona. Kwenye vichochoro vya mji wa kale wa Lamu, ambapo punda wawili hawapishani, utakaa hadi mtu awashe jiko. Kanuni za Marekani zinataka paipu ya pumzi ya tangi la petroli itoe futi 12, kama mita 3.7, juu ya ardhi, mbali na madirisha, ili upepo uusambaze kabla haujafika chini. Kichwani kuwe na kizuia moto. Mwambieni jamaa leo, si Ijumaa.

#17 BabuWaBandari

Wazee wetu walikuwa na birika la wazi chooni na visamaki ndani vya kula viluwiluwi vya mbu. Halikunywea hata siku moja. 😄

#18 BintiShela

Kaka Fundi, nimerudi na namba. Kutoka usawa wa maji ya tangi mpaka chini ya silinda ni mita 3. Kilele cha paipu kiko juu ya usawa huo kwa sentimita 9.

#19 FundiWaSabaki

Milimita 150, jumlisha 40 mara tatu, unapata 270. Uko na 90. Dada, haikuwa inatema, ilikuwa inakuomba. Ongeza sentimita 20, bora 25, paipu ya shaba ya kipenyo kile kile, usipunguze. Lakini kuinua tangi peke yake hakukuniridhisha. Mliinua kwa kiasi gani?

#20 BintiShela

Kibao kile ni cha sentimita 12 tu. Nimemuuliza fundi wangu hiyo tofauti nyingine imetoka wapi, akazungukazunguka, mwisho akakiri. Aliikata. Mpiga picha aliyekuja kupiga picha za tovuti yetu alisema inaharibu mandhari ya matuta ya mchanga nyuma yake, na fundi akatoa msumeno pale pale.

Imeunganishwa jana, ndefu kuliko mwanzo. Leo jua lilikuwa kali na haijatema hata tone. Mgeni mmoja Mwitaliano ameniuliza kama ni antena.

#21 FundiWaSabaki

Mwambie ndiyo.